Chupa Iliyomsubiri Mama Nta

Maabarani walimwita Mama Nta, ingawa hakuwahi kuzaa. Kwa miaka ishirini na sita alizamisha kwenye nta vinyama vilivyotolewa kwa wagonjwa, akavikata vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akavitia rangi, kisha akampelekea daktari avisome kwenye hadubini. Kila kinyama kilikuja na namba. Jina, hapana. Ndio utaratibu.

Alipopapasa uvimbe kwenye titi lake la kushoto, aliona haya kupasuliwa na watu anaokunywa nao chai. Akaomba likizo ya wiki mbili, akadai anakwenda kwa dada yake, dada asiyekuwapo duniani, akapasuliwa hospitali ya mji wa pili. Mjanja kweli! Alisahau jambo moja tu: hospitali ile haina mkataji, vinyama vyake vyote huletwa mezani kwake. Na yeye asipokuwapo, hakuna anayekata. Aliporudi alikuta chupa inamsubiri, yenye namba ileile iliyo kwenye cheti mkobani mwake.

Akakata. Angefanya nini? Mkono wa kushoto ulimuuma. Habari za titi alizijua tayari: seli moja hukaidi amri ya kuacha kugawanyika, ikazaa nyingine kaidi kama yenyewe, zikabanana mpaka zikatoboa ukuta. Alichotaka kujua ni tezi ya kwapani, iliyotolewa pamoja na uvimbe. Seli nyingi zinazotoroka hufia njiani. Zikifika tezini zikaota, basi zimejua kusafiri, na huenda zimeshapita mbele zaidi. Kwa mara ya kwanza akavunja mwiko, akachungulia kabla ya daktari. Pembeni mwa tezi palikuwa na kishada cha seli kaidi, zambarau kwa rangi aliyozitia. Aliogopa, tena sana, na hapakuwa na wa kumwambia.

Daktari naye alisoma, akashusha pumzi.

“Wapigie simu wenzetu wa mji wa pili, Mama Nta. Mgonjwa huyu aje na mtu wake. Haya si ya kuambiwa peke yako.”

“Hana mtu, daktari.”

“Kila mtu ana mtu, bwana.”

“Huyu hana. Namjua.”

“Utamjuaje? Hapa pana namba tu.”

Daktari akainua uso, akauona mkono wa kushoto wa Mama Nta ulivyobanwa ubavuni, akaelewa. Akasimama, akataka kumwita kwa jina lake. Miaka kumi na moja walikuwa wamefanya kazi chumba kimoja, na jina hakulijua.