Karoti hakuponywa na kitunguu saumu

Sijawahi kuambia mtu hii: samaki wetu Karoti hakuponywa na kitunguu saumu cha Shosho, nyanya yangu.

Alipotokwa na madoa meupe, Shosho alitwanga kitunguu saumu, akamwaga kwa tangi, akaomba.

Mimi kila asubuhi nilibadilisha nusu ya maji na kuweka matone ya dawa ya duka la samaki, hapo mjini. Kimya kimya. Baada ya wiki, madoa yakaisha.

Shosho akatoa ushuhuda kanisani. Kwa maikrofoni 😭

Leo jirani, Mama Brayo, ameleta samaki wake kwa mkebe wa siagi. Madoa mwili mzima.

“Shosh, nimefika kwa daktari!”

“Lete mgonjwa,” Shosho akacheka. Akanigeukia. “Wewe, menya saumu.”

Nikamenya. Punje tatu, kama mjinga.

Halafu nikasema nafuata sweta. Niko chumbani, chupa ya dawa mkono mmoja, simu mkono mwingine, nawaandikia. Nikinyamaza, huyo samaki atakufa. Nikisema, namwaibisha Shosho mbele ya mgeni. Mngefanyaje?

Nasikia slipa za Shosho zikija.

“Hiyo sweta unaifuma?”

Simu siifichi. Asome mwenyewe. Miwani anayo.