Unga wa Maganda ya Mayai

Mama mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, alikuwa akikaanga samaki wa Kasenyi kando ya barabara pale Bwera. Nyuma ya kibanda chake alikuwa na mashine ndogo ya kusaga muhogo. Tulikubaliana anipe mafuta yaliyokwisha kazi, mimi niyageuze kuwa dizeli nyumbani Kasese, ninakofundisha, na kumrudishia sehemu ya kuendeshea mashine.

Hatua zote nilikuwa nimeziandika katika daftari. Maganda ya mayai kutoka kwa wauza chapati niliyachoma kwenye tanuru la matofali hadi yakawa unga mweupe kama chokaa. Kila mara mafuta niliyapasha moto kwanza ili maji yaishe, nikayachanganya na methanoli, aina ya spiriti, na unga ule unaoyasaidia kugeuka, kisha nikayaacha yatulie siku mbili kabla ya kuyachuja mara kadhaa kwa kitambaa kizito. Unga ukibaki ndani, unaziba mashine.

Wiki moja sikungoja siku mbili. Nilikuwa na safari ya Kyarumba. Nikachuja mara moja tu, haraka, nikampelekea dumu lake.

Niliporudi Bwera, mashine ilikuwa imezimika, na wanawake wawili walikuwa wakijitwisha muhogo wao kwenda kusagisha kwingine. Fundi alikuwa amefungua chujio la mashine. Niliuona ule weupe kabla hajausugua kwa kidole. Alisema ni uchafu wa mafuta tu, na kabla sijafungua mdomo mama akanigeukia.

“Unisamehe, mwalimu. Ni mafuta yangu. Nilikaangaka samaki mingi sana.”

Nikamwambia haidhuru. Yaani nilimsamehe.

Wiki iliyofuata nilimkuta akichuja mafuta kwa kitenge chake cha kanisani, polepole, samaki wake wakipoa. Wateja walimtania kwamba siku hizi anamtayarishia askofu mafuta ya kubariki. Kitenge kilikuwa kimeharibika kabisa.

Nikamweleza palepale kwamba unga ulikuwa wangu, na mafuta yake hayakuwa na kosa.

Hakuinua macho. “Siku ile ulijua?”

“Nilijua, mama.”

“Na ukanisamehe.”

Akakikunja kile kitenge, kikidondosha mafuta, akakitupa chini ya meza, akarudi kwa samaki wake.

Mafuta bado ananipa, sasa na makombo ya samaki ndani, nami nayachuja mwenyewe. Nikimpelekea dumu ananishukuru na kuniambia nirudi nalo nyumbani. Mashine yake anainunulia dizeli ya kituo cha mafuta.