Nilisoma Sharti la Akiru, Nikasahihisha Neno Moja

Admin, jina langu usilitoe, Lodwar ni mji mdogo. Nina miaka thelathini na minane, nina mke na watoto wawili. Nafanya kazi katika kituo kinachowafundisha vijana kutengeneza programu za kompyuta kwa Kiturkana. Anayefundisha ni akili bandia: mwanafunzi anaandika, mashine inamjibu kwa lugha ya nyumbani. Mimi husoma mazungumzo yao na kusahihisha Kiturkana cha mashine.

Tulikuwa na msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Kaikor. Nitamwita Akiru. Siku ya somo la masharti, mashine iliwataka watunge mfano: kama jambo fulani likitokea, kompyuta ifanye hili, la sivyo, ifanye lile. Wengine waliandika habari za mvua na mbuzi. Akiru aliandika, "Kama baba akipokea ng'ombe za mahari za yule mzee, natorokea Kakuma kwa rafiki yangu. La sivyo, namaliza kozi."

Mashine ikamjibu, "Vizuri sana, sharti lako limekamilika."

Niliyasoma hayo Jumanne. Katika jibu la mashine kulikuwa na neno moja lisilokaa vizuri. Nikalirekebisha, nikaenda kwa mwanafunzi anayefuata. Ijumaa Akiru hakuja darasani.

Baba yake alifika na fimbo. "Mashine yenu imekula msichana yangu!" akasema mbele ya watu wote. Mkuu wangu akanivuta kando: "Wewe kazi yako ni lugha. Mazungumzo ya wanafunzi hayatoki hapa." Nikarudi kwenye kompyuta yangu.

Mwezi uliofuata nilikwenda Kakuma, nikamdanganya mke wangu kwamba ni safari ya kazi. Nilimpata Akiru katika kambi ya wakimbizi, anafua nguo nyumbani kwa rafiki yake, msichana wa Sudan Kusini. Tukasalimiana, "Ejok." Kisha akauliza, "Mwalimu, ile sharti yangu ulisoma?"

"Nilisoma."

"Siku gani?"

"Jumanne."

Akaendelea kufua. Baadaye akasema, "Usimwambie mama. Baba akimuuliza, atasema tu. Na mimi nitahama tena, hutanipata."

Mama yake sasa amehamia kwa dada yake hapa Lodwar, na kila wiki anakuja kituoni. Hana ukali. "Mwalimu, hakukuachia hata neno?" Namjibu hapana. Wiki hii amekuja shingo tupu. Kwetu mwanamke huvua shanga zake akifiwa. Nilimpa kiti na chai. Akanywa yote, akaniombea baraka kwa Mungu, akaondoka.

Nilikuwa na Jumatano nzima na Alhamisi nzima za kumwita Akiru tuongee. Sikumwita. Sasa nikifungua mdomo, nitamfukuza hata pale alipojificha, na mama huyu anaomboleza mtoto aliye hai.

Ndugu zangu, nishaurini. Jumatatu atakuja tena, ataketi kwenye kiti kile kile. Nimwambie nini?