Bonbon ya Mwisho ya Mukaka

Mpaka leo, nikisikia harufu ya sukari inaungua kidogo ndani ya mafuta, ninarudi kwetu Mususa, siku ya komunio yangu ya kwanza. Ilikuwa wakati wa vita. Njia ya Beni ilikuwa inafungwa ovyo, na mutu mwenye sukari aliificha chini ya kitanda. Lakini baba alihangaika mpaka akapata: beseni nzima ya mandazi, na mufuko wa bonbon, zile pipi za duka, juu yake.

Mukaka, mama ya baba, hakuwa tena na meno. Nilimukuta nyuma ya jikoni, anatoa fungu lake la mandazi na bonbon ndani ya kitenge na kumulisha Bobi, mbwa yetu ya kulinda parsele, uwanja wa nyumba yetu. "Na yeye afanye fete, ale sikukuu," aliniambia. Tulicheka sana, mimi na yeye.

Mbele ya jua kuzama, Bobi akaanza kutapika na kutetemeka. Siku zile kila mutu alijua kwamba wezi wenye bunduki wanaanza kwa kuua mbwa. Baba akasema ni sumu. Mama akamumiminia maziwa na mafuta ya ngazi, yaani mawese, dawa yetu ya sumu, na Bobi akazidi kulegea.

Ndipo Mama Chantal aliingia na bidon yake ya maji. Alikuwa muke wa soldat, askari aliyepanga pembeni yetu, batu ya kutoka mbali, Kiswahili chake kimejaa Lingala, na kila siku alichota maji kwetu. Aliinama, akanusa matapishi.

"Hapana mafuta, mama. Tumbo yake ipumzike. Mumupe maji tu, kidogo kidogo. Hii mbwa imekula sukari mingi."

"Unajua dawa yake sababu ni wewe ulileta sumu," baba akamujibu. "Toka kwangu."

Mukaka akaniangalia. Aliogopa baba, mutoto wake: sukari aliyoihangaikia vile, yeye ameimalizia kwa mbwa. Akafungua kitenge, akaniwekea mukononi bonbon ya mwisho, na mimi nikanyamaza.

Mama alimupa Bobi maji kwa siri, na asubuhi yake mbwa ilisimama, inatingisha mukia. Lakini mulango wa parsele ulibaki umefungwa. Mama Chantal, na mimba yake kubwa, alianza kushuka bondeni kuteka maji. Kisha Mukaka naye akaanza kushuka, na ule mugongo wake uliopinda, anabeba bidon na kuiacha kwa mulango wa Mama Chantal bila kubisha. Baba alisema ni uzee. Mimi niliona ni wema tu, na nilimusifu kwa batoto wenzangu, mpaka yule soldat alipohamishwa pamoja na muke wake.

Leo, ninyi munaonisoma, ninajua Mukaka alikuwa anabeba neno lililomushinda kusema. Aliligeuza kuwa maji. Mimi sikubeba hata kikombe. Ile bonbon niliila palepale, nyuma ya jikoni, Bobi analala chini anahema, na ilikuwa tamu.