Kobe Niliyemnyima Jua

Shangazi yangu wa Masumbwe alikuwa na kobe wa maji aliyemlea tangu akiwa na ukubwa wa kizibo cha soda. Alimkuta kwenye matope ya lambo, akamfunga kwenye pindo la kanga, akaja naye nyumbani. Nilipohamia kwake, baada ya kuzurura miji ambayo sikukaa hata msimu mmoja, kobe alikuwa ameshafikia ukubwa wa kisahani na gamba lake lilikuwa gumu kama kifuu cha nazi.

Shangazi ni fundi cherehani. Kila asubuhi, kabla ya kutoa mashine barazani, alibeba beseni la kobe hadi uani. Ndani yake kulikuwa na jiwe bapa lililochomoza juu ya maji, na nusu ya beseni aliifunika kwa kipande cha gunia. Kobe alipanda juu ya jiwe, akanyoosha shingo na miguu yote minne, vidole vimetanuka, macho amefumba. Akishapata joto la kumtosha alijitosa majini na kwenda upande wa kivuli.

"Mwenyewe anajua lini imetosha," shangazi aliniambia. "Kazi yetu ni kumwekea vyote viwili, jua na pa kulikimbilia."

Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kuuliza sijaacha. Nikasoma kwenye simu kwamba ndani ya jua mna mionzi inayomwezesha kobe kujenga mifupa na gamba kutokana na chakula anachokula. Nchi za baridi, wanaofuga kobe ndani ya nyumba huwawashia taa mbili: moja ya joto, nyingine ya mionzi hiyo. Taa ya kawaida haina mionzi hiyo, na hata jua lenyewe likipita kwenye kioo cha dirisha mionzi hubaki nje. Nikamsomea shangazi yote. Akacheka, uzi ukiwa mdomoni.

"Kwa hiyo wenzetu wananunua jua dukani! Na sisi la kwetu tunashinda tunalikimbia."

Nayaeleza haya mapema ili ijulikane kwamba nilijua.

Mwaka huo mguu wa shangazi ulipata kidonda kilichokataa kupona, kwa sababu ya sukari. Binti yake akamchukua kumpeleka Kolandoto kutibiwa, na tukaambiwa atakaa huko miezi. Akaniachia nyumba na kobe. Nilikaa wiki mbili. Halafu ikasikika kwamba upande wa Geita kumetokea rashi, dhahabu imeonekana kwenye shamba la mihogo na watu wanamiminika. Miguu yangu haijawahi kusikia habari ya namna hiyo ikatulia. Nikamtia kobe kwenye ndoo, nikafunga mlango, nikapanda bodaboda. Shangazi sikumwambia.

Nilipanga chumba cha mabati kwenye uwanja wenye vyumba vinane, nikaingia kwenye kundi lililokuwa likichimba duara moja, yaani shimo la dhahabu. Siku za mwanzo nilimtoa kobe asubuhi kama nilivyofundishwa. Kisha duara letu likaanza kutoa mawe mazuri, wakati la jirani lilikuwa likitoa maji tu. Asubuhi moja nimechuchumaa kando ya beseni, wachimbaji wa duara lile wakapita na sururu zao.

"Kaka, mbona bosi wenu anaoga hadharani?" mmoja akaniuliza.

"Bosi gani?"

"Huyo mwenye gamba! Sisi tunachimba kwa sururu, nyinyi mnachimba kwa kobe."

Wakacheka. Wa nyuma yao hakucheka. "Mwulizeni anakula nini," akasema. "Huyo hali mchicha. Huyo ni ndagu, analishwa majina ya watu."

Migodini neno ndagu si la kutania. Ni dawa ya mganga ya kuvuta dhahabu, na watu huamini kwamba kila ndagu ina mtu anayeilipia kwa uhai wake. Jioni hiyo mwenye duara akaniita pembeni. "Mimi ni mlokole," akasema. "Mfiche au umtupe. Mtu akiumia kule chini kesho, watakuja kwangu."

Ningeweza kumrudisha Masumbwe. Ni safari ya nusu siku. Badala yake nilimwingiza chumbani, kwenye chumba kisicho na dirisha, na kuanzia hapo nikajifanya mtaalamu wa taa. Nilikwenda Geita mjini kwenye duka la vifaa vya umeme.

"Nataka taa ya kobe."

"Ya nini?" muuzaji akauliza.

"Kobe. Inayotoa mionzi kama ya jua."

Akamgeukia mwenzake. "Njoo umsikie huyu. Jua lote hili, anataka la kobe!" Alipomaliza kucheka akaniletea taa nyekundu ya kulelea vifaranga. "Chukua hii. Kifaranga akipona, kobe atashindwaje?"

Ilitoa joto. Kobe alipanda jiwe, akakaa chini yake, na mimi nikajiambia kwamba ameridhika. Nilijua kwamba joto si mionzi. Basi nikabandua kipande cha bati juu ya paa nikaweka bati la plastiki, lile linaloingiza mwanga, na saa sita mchana doa la jua likawa linatua juu ya beseni. Nilijiona mjanja kweli. Kuhusu kioo nilikuwa nimeshasoma. Kuhusu plastiki sikutafuta, mimi ninayetafuta kila kitu, kwa sababu nilihofia jibu.

Shangazi alipiga simu kila Jumapili.

"Anaota jua?"

"Anaota, shangazi."

"Na kivuli?"

"Kipo."

Mwezi wa pili wa kukaa ndani kobe alianza kuacha chakula. Macho yalivimba, na miguu ya nyuma ikawa inaburutika. Nilipomshika pembeni mwa gamba, lilibonyea kama ukucha uliolowa. Jumapili iliyofuata shangazi akasema, "Nitumie picha yake, nimemkumbuka." Nikachungulia, nikaona uwanja hauna mtu, nikamtoa nje na kumweka juani. Mwanzoni alijikunja ndani ya gamba. Kisha akatoa shingo, taratibu, yote, akaielekeza juu, na mguu mmoja wa mbele ukanyooka, vidole vikatanuka. Nikapiga picha. Ilikuwa nzuri. Nikasikia ndoo ikigongwa upande wa bomba, nikambeba nikamrudisha ndani. Nilipomwinua mguu ule ulikuwa bado umenyooka.

Shangazi alijibu picha: "Mungu akubariki, baba."

Niliposikia kwamba anarudi, nilimtangulia Masumbwe kwa siku mbili. Nikamwanika kobe kuanzia asubuhi hadi jioni, kana kwamba miezi inalipika kwa siku mbili. Shangazi alishuka kwenye bajaji, mguu umefungwa bendeji, fimbo mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Akakaa kwenye kigoda kando ya beseni, akamwinua, akapitisha kidole gumba ukingoni mwa gamba. Likabonyea. Nikaanza kueleza habari ya taa ya vifaranga, bati la plastiki, doa la saa sita. Aliniacha nimalize.

"Sijakuuliza taa. Nakuuliza alikuwa anakaa wapi."

"Ndani. Nilikwenda naye Geita, kwenye dhahabu, nikamfungia chumbani."

"Kwa nini?"

"Watu walisema ni ndagu."

"Na mimi wanasema! Mume wangu alipofariki walisema hivyo hivyo, na kobe nikamtoa uani asubuhi yake." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu ashuke. "Na zile Jumapili zote?"

Nikaingiza begi lake ndani.

Daktari wa mifugo alikuja, akasema yeye amezoea ng'ombe, lakini kwa anavyoona arudishwe juani na alishwe dagaa wazima na mifupa yao. Gamba litakaza tena. Palipopinda patabaki pamepinda, na mguu mmoja huenda usirudi. Asubuhi yake shangazi akainama kubeba beseni, fimbo kwapani, maji yakimwagikia bendeji. Nikanyoosha mikono.

"Acha," akasema.

Baada ya wiki tatu ikafika siku yake ya kurudi kliniki Kolandoto. Asubuhi alimwita jirani muuza maandazi, akamwonyesha jiwe, gunia, na saa ya kumtoa kobe. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, begi lake mkononi.

"Mama, si kijana wako yupo?" jirani akauliza.

"Huyu ananisindikiza stendi," shangazi akasema, akaendelea kumwonyesha namna ya kumshika.