Nyota Iliyozidi kwenye Jina la Ombati

Drusilla Mong'ina hajawahi kushona nguo ikatoka kibandani kwake bila nakshi. Mpelekee kitambaa cha sare ya shule, atakutazama kwa huruma, kisha atakuuliza kama kweli unataka mtoto aende darasani na kola kavu namna hiyo. Soko zima la Kebirigo linamjua. Walimu wameshamrudishia sketi zenye marinda ambayo hakuna aliyeyaagiza, naye huyafumua huku akinung'unika. Mikono yake haitulii, ndivyo alivyoumbwa.

Basi mikono hiyohiyo nusura imkoseshe binti yake mume.

Mambo yalianzia kwa Mzee Mose, baba mkwe wake, mwaka ule wa mwisho wa maisha yake. Drusilla alikuwa amekwisha kufiwa na mumewe, akabaki palepale Manga kwenye boma la wakwe, akichuma chai yake kidogo na kushuka Kebirigo kushona. Binti yake, Sheila Mokeira, anayefanya kazi ofisini mjini Kisii, aliona babu anataka kuondoka na majina yote ya ukoo kichwani. Akafungua wiki ya ukoo, ukurasa wa mtandaoni ambao mtu yeyote wa nyumbani aliyeruhusiwa anaweza kuuandika na kuurekebisha. Mzee akawa anakaa nje kwenye jua, blanketi magotini, anataja, Sheila anachapa. Nani alimzaa nani, nani alihamia wapi, nani alikuwa mkorofi wa kupindukia. Mzee alipofariki, majina yalibaki.

Kwenye ukurasa huo uzazi ulionyeshwa kwa nyota. Juu kabisa alikuwa baba yake Mzee Mose, na nyota moja mbele ya jina lake. Watoto wake waliwekewa nyota mbili, wajukuu tatu. Ukihifadhi, nyota zinageuka vidoti na kila kizazi kinasogea ndani kidogo, chini ya waliokizaa. Kisha chini kabisa palikuwa na sehemu nyingine yenye kichwa chake, Abamenyi, yaani watu waliotoka kwingine wakapewa mahali pa kujenga na kulima, wakaishi kama ndugu ingawa damu ni ya kwao. Hapo palikuwa na jina moja tu, Ombati, lenye nyota moja, na maneno machache ya Mzee Mose juu yake.

Drusilla aliposema naye anataka kujua kuandika humo, Sheila alifurahi, akamfundisha Jumapili moja: nyota za orodha, alama za kufanya kichwa cha habari, alama za kunenepesha herufi. Akamwonyesha na ukurasa wa mazoezi, akamsihi avuruge huko apendavyo. Lakini Drusilla ana msemo wake wa miaka mingi, kwamba fundi anayejifunzia kwenye matambara atakufa akishona matambara. Kesho yake stima ilipopotea pale sokoni, cherehani ikanyamaza, akafungua simu na kwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wenyewe wa ukoo.

Akanenepesha jina la baba mkwe wake. Likapendeza. Akateremka hadi chini, akamwona Ombati peke yake chini ya kichwa chake, na maneno yale yananing'inia kama uzi aliosahau fundi kuukata. Akatoa kichwa, aone itakuwaje. Akatoa na maneno. Akamwongezea Ombati nyota moja, naye akateleza hadi ndani ya orodha, sambamba kabisa na Mzee Mose. Lo, ukurasa ulikaa sawasawa! Kabla ya kuhifadhi, kisanduku kidogo kilimtaka aeleze amebadilisha nini; akakijibu kwa adabu, akabonyeza. Mara wakaja kina mama wa kwaya kuchukua magauni yao, ukazuka ubishi juu ya mikono, na Drusilla akasahau habari za Ombati kana kwamba hakuzaliwa.

Miezi ikapita. Sheila akaja nyumbani na habari za kijana wa Kiogoro, Fred Onyiego, fundi wa umeme, mpole, mwenye kumwangalia mtu anaposema naye. Mama yake alifariki Fred akiwa mchanga, akalelewa na bibi upande wa baba. Drusilla alimpenda siku ileile. Alianza hata kununua kitambaa cha gauni la harusi kidogokidogo, akikificha kabatini asionekane ana pupa.

Kwa desturi ya Abagusii, kabla ya jambo lolote hutumwa esigani, mtu mzima wa kuaminika anayeichunguza familia nyingine kuliko daktari. Kiogoro walimtuma Mzee Alfayo. Alikuja Jumapili, akapokewa na Thadeus, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Drusilla. Akaandaliwa ugali wa wimbi, kuku wa kienyeji na mboga ya chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukaisha. Alikula kwa raha zake. Akauliza kuhusu magonjwa, kuhusu ugomvi wa mipaka, kuhusu watu waliowahi kuhama usiku bila kuaga. Akaridhika. Halafu akanawa, akavaa miwani, akatoa simu, akasema wajukuu wake wamemwonyesha ukurasa wa ukoo huu, nao ni mzuri sana.

Ila alikuwa na swali dogo. Mama yake Fred, alisema, alikuwa binti wa Ombati aliyewahi kuishi Manga, kisha akahama na watu wake wakatawanyika, hajulikani hata mmoja alipo. Na hapa anaona Ombati ni ndugu wa marehemu Mose, baba mmoja. Je, ni huyo?

Thadeus akakuna kichwa. Alikuwa mtoto wakati huo. Alichokumbuka ni kwamba yeye alikuwa akimwita Ombati baba mdogo. Sasa nani hakuita kila mwanamume wa rika la babake baba? Lakini alikwisha kusema, na neno likitoka limetoka. Mzee Alfayo akavua miwani polepole. Kama ni hivyo, basi mama yake Fred ni shangazi yake Sheila, na watoto hawa ni ndugu. Hakuna mchungaji wala mzee atakayewafungisha ndoa. Akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Sheila, aliyekuwa amechapa majina mengi mno hata asikumbuke hili lilikaa wapi, alikimbilia jikoni, akafunga mlango.

Drusilla alikaa pale kwenye kochi ameshika sahani ya mifupa. Ombati. Nyota. Ndipo akakumbuka siku ile ya stima.

Sasa mtu mwingine angetulia. Yeye, mikono ile! Hakumwambia mtu. Alitoka nyuma ya nyumba, akafungua ukurasa, akaifuta ile nyota, akarudisha kichwa cha Abamenyi na kumshusha Ombati mahali pake. Maneno ya Mzee Mose hakuyakumbuka, akayaacha. Akahifadhi, akashusha pumzi, akampigia Mzee Alfayo simu akimwomba atazame tena, palikuwa na kosa dogo tu la uandishi. Mzee alikuwa amefika kwake. Akafungua ukurasa, akatazama.

"Mama Sheila," akasema, "mchana Ombati alikuwa ndugu wa damu. Jua halijazama, amekuwa mgeni. Damu haioshwi kwa simu."

Akakata. Na hakupokea tena, hata Thadeus alipompigia.

Hapo ndipo Drusilla alipoogopa kweli. Mwanzo ilikuwa bahati mbaya. Sasa imekuwa udanganyifu, na Kiogoro nzima itajua kwamba huko Manga watu hubadilisha ukoo ili kumwoza binti. Na aliyekufa, aliyejua ukweli, hasemi. Mficha uchi hazai: akaenda jikoni akamwambia Sheila yote, la matambara na la kwaya na la kufuta kwa siri. Alitarajia kufokewa. Sheila alimtazama macho mekundu, akapangusa pua kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Mama," akasema, "hatukufika somo la historia."

Akachukua simu, akabonyeza neno lililoandikwa Historia, neno ambalo Drusilla aliliona siku zote akidhani ni la hadithi za zamani. Likafunguka. Kila badiliko lililowahi kufanywa kwenye ukurasa lilikuwa pale, na tarehe yake, na jina la aliyelifanya. Drusilla alisoma, akaketi sakafuni, akaomba maji ya kunywa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakuwa na wiki.

Si vizuri mama wa binti kuingia boma la wakwe kabla mambo hayajafungwa, kwa hiyo Thadeus alimtuma mtu amwombe Mzee Alfayo wakutane mjini Kisii, kwenye hoteli ya chai karibu na ofisi ya Sheila. Mzee alikuja amekunja uso, Fred nyuma yake amekonda. Hakugusa chai. Sheila akataka kueleza, mama yake akamzuia. Kosa ni lake, atalieleza mwenyewe. Akamsogezea mzee simu, na kidole chake cha fundi, chenye makovu ya sindano, kikawa kinaonyesha.

Hili hapa toleo la kwanza, alilochapa Sheila wakati Mzee Mose yu hai, kabla Sheila hajajua kama kuna mtu anaitwa Fred: Ombati yuko chini ya Abamenyi. Hili hapa la siku ya stima, lililotolewa limewekwa rangi upande mmoja, lililoongezwa limewekwa rangi upande wa pili. Jina la aliyefanya: Drusilla. Na hili la juzi, la siku ya kuku. Jina lilelile.

Mzee Alfayo alivaa miwani, akasoma tarehe zote, akarudi akasoma tena. Kisha akaweka kidole chini ya mstari mdogo uliokuwa pembeni ya badiliko la siku ya stima, akausoma kwa sauti: "Najaribu tu. Kusipopendeza nitarudisha."

Akamtazama Drusilla juu ya miwani, akamuuliza kwa nini aliandika hivyo.

"Kisanduku kiliniuliza nafanya nini, Mzee," Drusilla akasema. "Nikakijibu."

Mzee alijaribu kujizuia. Mabega yakaanza kutikisika, kisha akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na watu wa meza za jirani wakageuka. Alisema ameuchunguza uongo wa watu tangu ujana wake, na hajawahi kumwona mwongo anayeacha barua ya namna hiyo. Akavuta kikombe, akaonja, akamwita mhudumu kwamba chai imepoa. Thadeus akaanza kupumua. Sheila aliuficha uso begani kwa mama yake.

Fred peke yake hakucheka. Alikuwa ameichukua simu, amerudi kwenye toleo la kwanza, kwenye yale maneno ambayo Drusilla aliyaona yananing'inia. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Drusilla akamwuliza taratibu amesoma nini, naye akawasomea.

"Ombati alikuja kwetu na jembe na ngozi ya kulalia. Baba akampa mahali. Si wa damu yetu, lakini mama yangu alipokufa yeye ndiye aliyechimba kaburi mvua ikinyesha. Watoto wake wakija siku moja kuuliza kwao, waambieni hapa walipendwa."

Thadeus aligeukia dirishani. Ile ilikuwa sauti ya babake, neno kwa neno. Fred hakuwahi kuambiwa chochote kuhusu watu wa mama yake. Alimwomba Drusilla kwa upole, akimwita mama, kama angeweza kuyarudisha maneno hayo ukurasani, yakae vilevile, bila kuyapamba.

Drusilla alifanya palepale, Sheila akimwelekeza. Alipomaliza, mikono ilimwasha kunenepesha jina la Ombati, lakini akaikanya. Kisanduku kikamwuliza amebadilisha nini. Akaandika neno moja, Nimerudisha, akahifadhi.