Mama wa Isolde

Enid Ellerwick aliwatengeneza nywele wanawake wa mtaa wetu tangu walipokuwa mabibi harusi mpaka wakaota mvi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta, hivyo vicheko vya wateja nilivisikia hata nisipoalikwa. Mwanamke akishaketi kitini na taulo shingoni, moyo wake hufunguka. Huyu shangazi yake kahamia Leeds, yule babu yake alizama na meli ya uvuvi ya Hull, mwingine pua yake ni ile ile ya bibi mzaa mama. Enid aliwasikiliza wote. Mtu akimtazama kupitia kioo na kumuuliza, "Na wewe, mpenzi, watu wako wa wapi?" alijibu, "Ellerwick," kisha akawasha mashine ya kukaushia nywele ili maneno yaishe.

Hakuwa akidanganya. Ellerwick ni kijiji kidogo nyuma ya vilima, na huko ndiko alikookotwa. Asubuhi moja ya Februari mama mmoja aliyekuja kufagia kanisa alimkuta barazani, mtoto mchanga ndani ya sanduku la matufaha, ameviringishwa sweta ya kiume. Polisi waliuliza nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyejua, au aliyejua alinyamaza. Muuguzi mmoja akampa jina lake, na jina la ukoo akapewa la kijiji. Alikulia nyumba ya watoto yatima, akaolewa, akaachika bila kupata mtoto, akalirudia jina lake. "Si langu," aliniambia siku moja tukianika nguo, "lakini sina jingine."

Magoti yalipomlazimisha kufunga saluni, alinunua kompyuta. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuandika jina lake aone litamletea nini. Lilimletea watu waliokufa zamani sana. Alikuwapo Sir Roger de Ellerwick, shujaa wa farasi na upanga, aliyeishi miaka mia saba iliyopita, kabla ya ile tauni kubwa ya Ulaya, na mkewe Avice. Sanamu zao za jiwe zimelala mpaka leo ndani ya kanisa lile. Na hapo chini walikuwapo watu wa siku hizi wakigombana juu yao kana kwamba wametoka chumbani sasa hivi.

Lilikuwa jukwaa la watu wanaofuatilia nasaba za koo kongwe za Uingereza. Walikuwamo walimu wastaafu, kasisi mmoja, dereva wa basi wa Derby. Shughuli yao ni kuulizana nani alimwoa nani, binti yupi alirithi shamba, na Roger yupi alimzaa Roger mwenzake. Ushahidi wao ni hati za mahakama za kale, zilizoandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi za kondoo, ambazo sasa zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni kwa yeyote mwenye subira.

Mkali wao alikuwa Gilbert Stannage, daktari wa mifugo mstaafu wa Norfolk. Mtu akisema jambo bila ushahidi, Gilbert alimshukia kama mwewe. Yeye mwenyewe alikuwa amefuata ukoo wake nyuma, kizazi kwa kizazi, mpaka kwa Isolde, binti pekee wa Sir Roger na Avice. Alipoliona jina la Enid aliandika maneno mawili tu: "Karibu, binamu."

Siku ile Enid alikuja jikoni kwangu akasimama mlangoni, hakutaka hata kuketi. "Kuna mtu kaniita binamu," alisema.

"Umemwambia kwamba jina ulipewa na muuguzi?"

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alijisajili kujifunza kusoma hati zile, na Gilbert akawa mwalimu wake. Alimtumia kurasa za hati na kumsahihisha bila huruma. Nilipopita dirishani mwake nilimkuta ameinamia skrini, miwani miwili imepandana puani.

"Mchumba anasemaje leo?" nilimtania.

"Anasema siwezi kutofautisha n na u za mwandiko wa kale. Na kweli siwezi."

Kila barua ilianza, "Mpendwa Binamu Enid." Nadhani alikuwa akizifungua kwa ajili ya mstari ule. Mwenyewe alikuwa ameshatema mate kwenye kile kichupa cha vipimo vya DNA, vya kutafutia ndugu, ambacho watu hupeana Krismasi. Majibu yalimletea mtu mmoja wa Kanada, ndugu wa mbali sana, ambaye aliandikiwa mara tatu na hakujibu. Basi akarudi kwa Sir Roger. Marehemu hawakumnyamazia kama yule wa Kanada.

Ilikuwa alasiri ya mvua alipokuja tena jikoni, nywele zimelowa. "Nimempata Isolde."

"Alikuwa amepotea?"

"Kumbe alikuwa amepotea, ndiyo."

Nikamwekea chai. Akanieleza polepole. Avice alipokufa akiwa mjane, mpwa wa Sir Roger alikwenda mahakamani kudai shamba. Alisema Isolde si mtoto wa nyumba ile. Wakaitwa majirani kumi na wawili, wakaapa. Walisema Sir Roger na mkewe hawakujaliwa mtoto hata mmoja. Walisema Avice alimlea Isolde tangu uchanga, akampenda, akamwita binti yake, na kwamba mtoto yule alitoka wapi, wao hawajui. Hakimu akampa mpwa shamba. Isolde akaondoka na mumewe na watoto wake, na katika watoto hao ndimo alimotoka Gilbert.

"Hawajui alikotoka," Enid alirudia. "Wanaume kumi na wawili wa kijiji kile kile, na hakuna anayejua." Aliinuka akaanza kuosha kikombe ambacho kilikuwa bado kina chai.

"Utamwambia Gilbert?"

"Nikimwambia, yeye atabaki bila Sir Roger na mimi nitabaki bila binamu."

"Basi nyamaza. Hati imelala miaka mia saba, nani ataiona?"

Alifunga bomba la maji. "Pale nyumba ya watoto kulikuwa na mlezi mmoja," alisema. "Alikuwa akiniambia mama yangu ni malaika, ndiyo maana hakukaa. Alitaka kunifurahisha. Namchukia mpaka leo. Siwezi kumfanyia Isolde vile vile."

Kila Juni wazao wa Ellerwick hukutana kanisani pale, hula, huzungumza, hupiga picha kando ya kaburi. Mwaka ule Gilbert ndiye aliyekuwa azungumze, na alikuwa amechora mti mkubwa wa ukoo. Alimwomba Enid alete majina ya upande wake, ayaingize humo. Enid aliniomba nimpeleke kwa gari. Tulipoteremka vilima aliniambia kwamba tangu alipotolewa pale kwenye sanduku hajawahi kukanyaga tena.

Gilbert alikuwa akitungoja getini, mzee mrefu aliyeinama, kifaa cha kusikilizia sikioni. Alimtazama Enid kwa muda. "Binamu Enid. Nilidhani u mrefu zaidi."

"Na mimi nilidhani una nywele."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikaona wanapendana, na nikatamani turudi nyumbani kabla mambo hayajaharibika. Lakini Enid alikuwa ameshatoa karatasi mkobani. "Gilbert, kabla hujaingia ndani, soma hii."

Walikaa kwenye benchi la jiwe pale barazani. Mimi nilisimama njiani, nikijifanya nasoma majina ya makaburi. Mzee alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Neno hili," alisema, kidole juu ya karatasi. "Ni 'alimlea'? Si 'alimzaa'?"

"Ni 'alimlea'. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Ndiyo." Alivua miwani. "Wajukuu zangu nimewaleta hapa mmoja mmoja. Nimewaonyesha yule bwana wa jiwe nikawaambia, babu yenu huyo."

"Najua. Pole, Gilbert."

"Angalau wewe umebaki. Ukoo haujafa wote." Kisha akamgeukia. "Hujawahi kuniambia wewe unatokana na nani."

"Natokana na hapa," Enid alisema, akagusa sakafu kwa ncha ya kiatu. Akamweleza. Sanduku, sweta, muuguzi. Alisema yote kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaambia wateja bei. "Ulipoandika 'binamu' ningekwambia siku ile ile. Lakini lilikuwa neno zuri, nikataka kukaa nalo kidogo."

Gilbert aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Kwa hiyo hatukuwa jamaa hata kidogo," alisema.

"Hata kidogo."

Alisimama kwa taabu, akaingia ndani bila kutazama nyuma. Baadaye tuliambiwa yaliyotokea. Alisimama mbele ya wale ndugu zake, kando ya mti wake, akawasomea hati yote, neno kwa neno. Bibi mmoja aliyevaa kifuani pini yenye nembo ya Sir Roger aliuliza, "Sasa hii nimeibandika ya nini?" Baadhi walicheka. Baadhi waliondoka na sandwichi zao za mayai mikononi. Kasisi akatoka mpaka barazani kumfariji Enid. Alimwambia kwamba ukihesabu vizazi hadi enzi zile, karibu kila Mwingereza ni mzao wa kila mtu, kwa hiyo bila shaka na yeye ni damu ya ukoo wa Sir Roger kwa njia fulani.

"Asante, Baba," Enid alimjibu. "Lakini mimi sitafuti mababu elfu. Ningetosheka na mtu mmoja."

Kasisi alipokwenda, niliketi pale alipokuwa Gilbert. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza, na upepo uliisukuma upande wetu, lakini haikutufikia. Enid alinyoosha mkono mpaka ukingoni, akaurudisha, akautazama. Ulikuwa mkavu.

"Haiingii," alisema. "Ona. Hata ikija na upepo, haiingii. Aliyeniacha alichagua mahali pasipoingia mvua."

Tulikaa hivyo mpaka watu wakaanza kufungua miavuli yao na kwenda kwenye magari.

Majira yote ya joto Gilbert hakuandika. Enid aliendelea kufungua kompyuta kila asubuhi, na mimi niliacha kumtania. Ilipofika wakati wa kuchuma matufaha, akanigongea ukutani kwa nguvu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Barua ilianza, "Mpendwa Enid."

"Kaandika Enid tu," alisema. "Kalitoa lile neno."

"Ni mtu wa ushahidi."

"Ni mtu wa ushahidi," alikubali, na akatabasamu, lakini macho yake yalibaki kwenye mstari ule wa kwanza. Gilbert alikuwa ameandika kwamba amelala vibaya kwa wiki nyingi, kwamba wajukuu ameshawaambia, na kwamba sasa kuna kazi. Isolde hakudondoka kutoka mbinguni. Kuna mwanamke aliyemzaa, katika kijiji kile au jirani, na katika miaka mia saba hakuna hata mtu mmoja aliyemtafuta. Yeye angeanza na hati za vijiji jirani. Je, Enid angechukua zile za mahakama ndogo ya bwana wa shamba la Ellerwick?

Alizichukua. Mpaka leo wanazo. Kila Jumapili baada ya chakula namsikia kupitia ukutani akibishana naye kwa simu, kwa sauti ya juu kwa sababu ya sikio la mzee. Wamepata mjakazi aliyetozwa faini kwa kuzaa bila ndoa, wakafurahi, kisha wakagundua mtoto wake alikuwa wa kiume. Wamepata mjane aliyehama ghafla. Hawajampata mama wa Isolde, na Gilbert ameniambia mwenyewe kwamba hadhani watampata. Watu maskini wa enzi zile waliandikwa walipokosea tu.

Nilimuuliza Enid juzi, tukimenya viazi jikoni kwake, atafanya nini wakimpata kweli.

Alifikiri, kisu kimesimama mkononi. "Nitaangalia kurasa zinazofuata," alisema. "Labda kuna mahali wameandika kwamba alionekana karibu na nyumba ya Avice. Siku ya soko, au siku ya kanisa. Kwamba alipita kumwangalia mtoto."

Kisha akaniuliza kama viazi vile vinatosha, nikamwambia tuongeze viwili.